Pini ya Pistoni Hufanya Kazi Gani?

Swali: Fundi wa Kariobangi Light Industries amesema bushi na pini ya pistoni ya matatu ya dizeli vimelika. Pini hiyo ni ya nini?

Jibu: Pini ya pistoni huunganisha pistoni na konrodi. Pistoni hupanda na kushuka tu, ilhali konrodi huyumba ikizungusha krenkishafti. Pini ndiyo bawaba yao. Nguvu yote ya mwako hupitia hapo, kwa hiyo hutengenezwa kwa feleji iliyokomazwa juu, yenye uwazi katikati ili iwe nyepesi.

Katika injini nyingi za dizeli pini huelea: hujizungusha ndani ya pistoni na ndani ya bushi ya konrodi, na klipu mbili huizuia isitoke ikakwaruza silinda. Kurudisha klipu kuukuu ni ubahili wa hatari. Injini nyingi za petroli hubana pini ndani ya konrodi, bila klipu.

Kwa kuwa mwendo wa pini ni wa kuyumbayumba, utando wa oili hapo huwa mwembamba, na oili chafu huila haraka. Dalili ya kulika huko ni mlio mkali wa chuma kugonga, mara nyingi wa maradufu, gari likinguruma bila kukanyagwa. Bushi mpya hushindiliwa kwa presi, kisha huchongwa ilingane na pini.