Ordinatere ya biro imekosa namba: tuanzie wapi?

Ndugu wanamemba, hali hii mnaijua. Ni siku ya kupokea mihindi. Umeme umekatika, umerudi, sekretere anawasha ordinatere: intaneti haiko. Mara moja mtu anasema, "Mega bilikwisha, tutume feza!" Pengine mega ziko zote, ni ordinatere tu imekosa namba yake. Tukijua kutofautisha mambo haya mawili, mfuko wa koperative hautatoa franga bure, na memba aliyeleta magunia toka mbali hatalala Lubumbashi akingojea karatasi yake ya malipo.

Namba hii ni nini?

Kwenye depo, mwenye magunia akifika anapewa jeto. Bila jeto haitwi kwenye mizani. Watu wawili wakishika jeto yenye namba moja, ugomvi unaanza. Mashini za biro nazo ni vile vile: kila ordinatere, kila simu, na mashini ya kuchapa, inahitaji namba yake yenyewe, inayoitwa adresi ya IP. Anayegawa ni rutere, kile kisanduku chenye taa ndogondogo. Utaratibu huo wa kugawa unaitwa DHCP, na uko tangu 1993. Namba ni ya kuazima tu: muda wake ukiisha, mara nyingi saa 24, bila kuombwa upya, inaweza kugawiwa mwingine.

Soma namba kwanza

Katika Windows, andika *cmd*, bonyeza Entrée, kisha andika *ipconfig*, bonyeza Entrée tena. Tafuta mustari wenye neno IPv4.

- Ikianza na 192.168, kwa kawaida rutere imegawa vizuri. Sasa ndipo uulize habari ya mega au ya rezo.
- Ikianza na 169.254, ordinatere iliita, hakuna aliyeitika, ikajipa namba yenyewe. Hapa hata mega za mwezi mzima hazitasaidia.

Ikiwa ni 169.254, fuata hatua hizi

1. Zima rutere, hesabu mpaka 30, washa, ngoja dakika tatu. Umeme ukirudi, pengine ordinatere inaamka mbele ya rutere, inaita bure.
2. Chomoa waya, urudishe mpaka usikie "tak". Usiuingize katika tundu lenye neno WAN. Hilo ni la intaneti inayoingia.
3. Omba namba upya: andika *ipconfig /release*, kisha *ipconfig /renew*.
4. Jaribu simu kwa wifi ya biro. Simu ikipata, rutere ni nzima. Angalia waya na ordinatere yenyewe. Katika mipangilio, hakikisha imechaguliwa "Obtenir une adresse IP automatiquement".
5. Simu nayo ikikosa, pengine namba zimekwisha. Rutere iliyopangwa kugawa kuanzia 100 mpaka 119 ina namba 20 tu. Siku ya mkutano, simu za wanamemba zinazimaliza zote, na simu ikienda nyumbani, namba yake inabaki imeshikwa mpaka muda wake uishe. Badilisha neno la siri la wifi, na mwambie fundi aongeze namba.

Mambo mawili ya kuangalia

Usiache mtu alete rutere ya pili na kuichomeka ovyo. Ni sawa na watunza depo wawili wanaogawa jeto kila mtu kivyake: mashini zitapata namba, lakini intaneti inaweza kukosa kupita.

Mashini ya kuchapa ipewe namba yake ya kudumu, nje ya zile zinazogawiwa. Bila hivyo inaweza kubadilisha namba, na karatasi za malipo hazitatoka.

Kazi ya kikundi

Bandikeni karibu na rutere karatasi yenye namba ya rutere, namba zinazogawiwa, na namba ya mashini ya kuchapa. Halafu chagueni wanamemba wawili, zaidi ya sekretere, wafanye hatua hizi wenyewe mbele ya wote. Siku sekretere atakapokuwa mgonjwa, mizani isisimame.