Kufunga Taa za Ziada katika Pikipiki

Pikipiki nyingi zitumikazo Kenya kuchukulia abiria na mizigo ni za injini ndogo, yaani cc 100 hadi 150, na taa yake ya mbele ni moja tu, mara nyingi ya wati 35. Katika mji wenye taa za barabarani mwanga huo watosha. Bali katika njia ya udongo ipitayo kati ya mashamba, ambapo ng'ombe hulala njiani na watu hurudi kutoka sokoni wamevaa nguo za rangi nyeusi, mwanga huo mara nyingi haumwonyeshi dereva shimo mpaka amekwisha kulifikia. Mtu aendaye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja huliwa na kushtuka kwake kabla mkono haujakamata breki. Halafu pikipiki yahitaji kama mita 15 nyingine ikiwa lami ni kavu na breki ni nzima. Jumla yake ni mita 30 hivi, na juu ya udongo au changarawe ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwanga usiofika mita 30 humwonyesha mtu mahali atakapoanguka, na basi.

Ndiyo sababu wengi hununua taa mbili ndogo na kuzifunga chini ya taa kuu. Jambo hilo ni jema likifanywa kwa akili. Lakini mara nyingi baada ya wiki chache betri imekufa, au waya zimeungua chini ya tangi la petroli, mahali pabaya kuliko pote pa kuwasha moto. Au taa zimeinuliwa juu hata kila dereva ajaye hupofushwa. Makosa hayo yote huzuilika, wala hayahitaji fundi mkubwa ili kuyazuia.

La kwanza ni kujua umeme watoka wapi. Ndani ya injini mna alteneta, ambayo huzungushwa injini ifanyapo kazi na kuzaa umeme. Umeme huo hupita katika rektifaya, ukageuzwa na kupimwa, ndipo uingie katika betri ya volti 12. Betri yenyewe haizai umeme. Ni mfano wa mtungi wala si kisima, na mtu achotaye kwa debe mahali pajazwapo kwa kikombe, mtungi wake hukauka.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: wati zikigawanywa kwa volti, jibu ni ampea, yaani wingi wa umeme upitao katika waya. Mathalan, kitabu cha pikipiki kikisema kwamba alteneta yake hutoa wati 100 injini ikienda kwa kasi, usiku taa kuu huchukua 35 na taa ya nyuma 5. Taa ya breki yataka 21 kila iwakapo, na taa za kuonyesha upande yataka 10 kila moja. Tena plagi lazima ipate umeme wake, na betri irudishiwe ulioliwa wakati wa kuwasha injini. Basi mwenye pikipiki hiyo akifunga taa mbili za halojeni za wati 55, ameongeza wati 110, karibu ampea 9.2, kuliko vyote vizaliwavyo na alteneta. Betri ya pikipiki kama hiyo mara nyingi ni ya ampea 5 hadi 9 kwa saa. Itakauka katika muda usiozidi saa moja, na dereva atajikuta akisukuma pikipiki gizani. Akifunga taa mbili za LED za wati 10 kila moja, ameongeza wati 20 tu, yaani ampea 1.7, na pikipiki hiyo yaweza kuzibeba.

Taa hizi za LED hazina uzi wa kuungua ndani yake. Mwanga wao mweupe ulipatikana baada ya wataalamu watatu wa asili ya Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, kuvumbua namna ya kutoa mwanga wa buluu kwa nguvu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. LED njema ya wati 20 hutoa mwanga ukaribiao ule wa halojeni ya wati 55. Hata hivyo mnunuzi asiamini kila kilichoandikwa juu ya sanduku. Ziko taa dukani zilizoandikwa wati kubwa ambazo, zikipimwa, hazifiki hata nusu yake. Tena ziko za bei ndogo mno ambazo hujaza redio ya pikipiki kelele mara ziwashwapo. Mwenye duka mwaminifu hatakataa taa ipimwe kwa mita mbele ya mnunuzi.

Kabla ya kufungua bolti hata moja, yafaa betri ipimwe. Injini ikiwa imezimwa saa kadhaa, betri nzima iliyojaa huonyesha kama volti 12.6 hadi 12.8. Injini ikiwashwa na kupewa mwendo wa safari, mita yapasa kupanda kati ya 13.5 na 14.5. Taa mpya ziunganishwe kwa muda, zote ziwake pamoja, kisha ipimwe tena. Ikishuka chini ya 13 huku injini yaenda kwa mwendo wa safari, betri inaanza kuliwa, na taa hizo ni kubwa mno kwa pikipiki hiyo. Kipimo hiki cha dakika tano kimezidi maneno yote ya muuzaji.

Kuna jambo jingine ambalo huwadanganya hata mafundi wazoefu. Katika pikipiki nyingi ndogo, taa kuu haipati umeme wake katika betri, bali moja kwa moja katika alteneta, nao ni umeme wa kwenda na kurudi. Dalili yake ni kwamba taa hufifia injini ikiwa imesimama taratibu, na kung'aa mara mafuta yaongezwapo. Haifai kuziunga taa za LED katika waya huo, maana zitapepesa na huenda zikaharibika. Zipate umeme katika betri.

Mahali pa kuzifunga hapana shida kubwa. Vyuma vya kukinga injini vyafaa, na vishikio vya fimbo za mbele vyafaa pia, mradi taa isiguse mataili ya usukani wala tairi wakati springi za mbele zinapozama. Taa isiuzibe upepo uendao kwenye mapezi ya kupozea injini. Mapezi yaliyo nyuma ya taa ya LED nayo yataka upepo, kwa hiyo matope yasiachwe kukauka juu yake. Bolti zitiwe nati za kujikaza, kwa sababu mtetemeko wa pikipiki hulegeza kila kitu.

Sasa kazi ya waya. Waya wa chanya utoke katika betri, na kabla haujafika mbali, urefu wa shubiri moja hivi, utiwe fyuzi. Watu wengi hudhani kwamba fyuzi ni mlinzi wa taa. Sivyo, fyuzi humlinda waya. Waya ukichunika na kugusa chuma, umeme wote wa betri humiminika hapo kwa ghafla, nao hugeuka kuwa mwekundu kama chuma cha mhunzi. Fyuzi ikiwa karibu na betri, hukatika kwanza. Ikiwa mbali, karibu na taa, kipande chote kilicho nyuma yake hakina mlinzi. Kwa taa za ampea 1.7 fyuzi ya ampea 3 yatosha. Kuweka ya 20 kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani ni sawa na kutoweka kabisa, na kuifunga fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya sigara ni kutafuta moto.

Unene wa waya nao una maana. Waya mwembamba huuzuia umeme, na umeme uliozuiwa hugeuka joto. Chukuliwe mfano wa zile taa mbili za halojeni katika pikipiki kubwa iwezayo kuzibeba: zikipewa umeme kwa mita 2 za waya wa milimita mraba 0.5, zaidi ya nusu volti hupotea njiani, na kwa sababu taa za namna hiyo hudhoofika upesi volti zipunguapo, karibu asilimia 15 ya mwanga hupotea pamoja nayo. Waya wa milimita mraba 1.5 hupunguza hasara hiyo hata ikawa theluthi moja tu. Kwa taa ndogo za LED, waya wa milimita mraba 0.75 au 1 ni wa kutosha. Waya wa spika za redio haufai kamwe, maana ganda lake laini huyeyuka upesi likigusa injini.

Kisha iko rilei, yaani swichi ivutwayo kwa umeme. Faida yake ni kwamba umeme mwingi wa taa haupiti katika swichi ndogo iliyo mkononi mwa dereva, ila hupita katika rilei iliyo karibu na betri. Mafundi wengine huidharau, na kwa taa za ampea 1.7 swichi njema yaweza kufanya kazi pasipo rilei. Kwa taa kubwa zaidi, mtu asiikose. Miguu yake ina nambari, nazo ni zile zile kwa watengenezaji wengi. Nambari 30 hupokea waya utokao betri kupitia fyuzi. 87 hupeleka umeme kwenye taa. 86 hupokea waya wa swichi. Na 85 huenda upande wa hasi. Rilei yenye mguu wa tano, 87a, mguu huo uachwe mtupu na kufunikwa, kwa kuwa wenyewe hupata umeme wakati rilei imelala.

Waya wa swichi usitoke moja kwa moja katika betri, la sivyo siku moja mwenyewe ataondoka na ufunguo wake akiziacha taa zinawaka. Utoke katika waya upatao umeme ufunguo ufunguliwapo tu, na upimwe kwanza. Katika pikipiki zilizotajwa, ambazo taa kuu hulishwa na alteneta, waya wa taa ya nyuma mara nyingi huwa wa umeme ule ule wa kwenda na kurudi. Rilei ikiunganishwa hapo hulia kama nyenje wala haishiki. Waya uendao kwenye honi au kwenye swichi ya breki kwa kawaida ni salama. Ikiwa taa kuu hulishwa na betri, ni vizuri zaidi swichi ichukue umeme wake katika waya wa taa kali, ili dereva apunguzapo taa kuu kwa ajili ya mwenzake, zile za ziada zizimike papo hapo.

Upande wa hasi ndio usahaulikao. Wengi huukaza waya wake chini ya bolti yoyote ya fremu, juu ya rangi na kutu, kisha hushangaa taa zikififia. Ni afadhali waya wa hasi urudishwe mpaka kwenye betri yenyewe. Maungio yote yabanwe kwa vichwa vya shaba au yalehemiwe kwa risasi, kisha yavikwe mpira usioingiza maji. Kusokota waya mbili kwa vidole na kuzizungushia tepu hudumu mpaka mvua ya kwanza. Waya zikifika shingoni mwa pikipiki ziachiwe ulegevu, na usukani uzungushwe mpaka mwisho kushoto na mwisho kulia ili kuona kama hakuna uvutwao wala ubanwao.

Kazi ya mwisho ni kuzilenga. Pikipiki isimamishwe mahali sawa, mita 5 mbele ya ukuta, upepo wa matairi ukiwa kamili, dereva ameketi na mzigo wake wa kila siku uko nyuma. Jambo la mzigo si dogo: abiria au gunia likikaa nyuma, mkia huzama na taa hutazama mbinguni. Kimo cha taa kutoka chini kipimwe, mathalan sentimita 60, na kimo hicho kitiwe alama ya chaki ukutani. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya alama. Hapo mwanga huteremka sentimita 2 kila mita, nao hugusa barabara mita 30 mbele, ule ule umbali ambao breki huhitaji kwa mwendo wa kilomita 50. Taa zilizotengenezwa kwa nchi zipitazo upande wa kulia huenda zikawa na mwanga uelekeao kulia; Kenya, ambako magari hupita kushoto, mwanga huo humwingia machoni yule ajaye. Macho yaliyopigwa na mwanga mkali huhitaji sekunde kadhaa kurudi, na katika sekunde 5 gari la kilomita 50 kwa saa huenda karibu mita 70 likiongozwa na mtu asiyeona. Huenda kati ya mita hizo ndipo alipo mwenye pikipiki mwenyewe.

Rangi za mbele ziwe nyeupe au manjano. Nyekundu ni ya nyuma, na buluu ipepesayo ni ya polisi na magari ya dharura.

Baada ya wiki moja ya safari nati zote zikazwe tena. Taa zikiwa zimewaka robo saa, mtu apapase kishikio cha fyuzi na maungio ya waya kwa vidole: palipo na joto pana muungano mbovu, na pafunguliwe siku hiyo hiyo.