SOMO: KUSAFISHA VIOO VYA MADIRISHA BILA KUACHA MICHIRIZI



Somo letu la safari hii linahusu kazi ambayo watu wengi huidharau: kusafisha vioo vya madirisha. Tumelileta kwa sababu ya malalamiko tunayoyasikia mara kwa mara, Gitega na Muyinga pia. Mwenzetu anayefanya kazi ya nyumbani, au anayesafisha ofisi ya kiwanda, hupangusa vioo asubuhi nzima kwa nguvu zake zote. Jua likipiga, michirizi myeupe inaonekana. Tajiri anamwita mvivu, na mwisho wa mwezi mshahara unapunguzwa. Naye kwa hofu, siku nyingine huongeza sabuni, kisha huanza kuchanganya dawa kali. Hapo ndipo penye hatari.

Basi tuelewane tangu mwanzo. Michirizi haitokani na uvivu. Inatokana na kitu kilichobaki juu ya kioo baada ya maji kukauka. Anayekijua kitu hicho humaliza kazi kwa mara moja, hutumia sabuni kidogo, na hana haja ya dawa kali.

1. Michirizi inatoka wapi?

(a) Sabuni nyingi. Sabuni isiyosuuzwa hukauka na kuwa utando. Sabuni ya kipande ikikutana na maji yenye chokaa, hufanya uchafu mweupe unaoganda.

(b) Maji yenyewe. Maji hukauka, lakini chumvi na chokaa iliyokuwemo haiendi popote. Hubaki kama madoa.

(c) Jua. Kioo chenye joto hukausha maji kabla hujayapangusa.

(d) Kitambaa. Kitambaa kichafu hurudisha uchafu, na kitambaa kipya huacha nyuzi wala hakinywi maji vizuri.

(e) Mafuta ya moshi. Moshi wa makaa, wa kuni na wa koroboi huacha utando wa mafuta kwa ndani. Maji matupu hayautoi, huutandaza tu.

Kwetu tuongeze vumbi jekundu la kiangazi, hasa mwezi wa Juni hadi Agosti. Muyinga, ambako malori hupita kwenda na kutoka mpaka wa Kobero, kila mtu analijua. Vumbi hilo lina chembe za mchanga. Ukilisugua likiwa kavu, unakikwaruza kioo, na mkwaruzo hautoki tena.

2. Vifaa

Ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, moja ya maji safi. Maji ya mvua ni mazuri sana kwa kuwa hayana chokaa nyingi, ila acha mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kuyakinga. Tafuta vitambaa vitatu vya pamba vilivyochakaa, kama shuka kuukuu. Gazeti kuukuu nalo hufaa kukaushia, kwa sababu karatasi yake hunywa maji. Likiwa ni gazeti letu hili, lisome kwanza! Usitumie karatasi inayong'aa, maana hainywi maji, na angalia wino usichafue fremu nyeupe.

Wenye uwezo hutumia kile kifaa chenye ulimi wa mpira na mpini. Aliyekitengeneza kwa umbo la siku hizi ni Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa akisafisha madirisha huko Marekani. Alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1936. Tukumbuke basi kwamba maarifa ya kazi hutoka kwa wanaoifanya.

3. Namna ya kufanya

Kwanza, chagua wakati jua halipigi dirisha: asubuhi mapema, jioni, au siku ya mawingu.

Pili, ondoa vumbi kwenye fremu na nondo kwa brashi laini, kisha mwagia kioo maji kidogo ili mchanga uondoke.

Tatu, osha kwa maji ya sabuni. Matone machache ya sabuni ya maji yanatosha ndoo ya lita 5. Anza juu, shuka chini.

Nne, suuza kwa kitambaa cha pili na maji safi. Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayowaponza.

Tano, kausha mara moja kwa kitambaa kikavu au gazeti. Kwa ndani pangusa kutoka juu kwenda chini, kwa nje kutoka kushoto kwenda kulia. Mchirizi ukibaki, mwelekeo wake utakuonyesha uko upande gani.

Kwa madoa ya chokaa, changanya kikombe 1 cha siki na vikombe 4 vya maji. Siki huyeyusha chokaa. Usikandamize kioo ambacho mastiki yake imekauka na kupasuka, na usisimame juu ya kizingiti cha dirisha kwa nje. Kioo hununuliwa tena, mgongo haununuliwi.

4. Hatari ya kuchanganya dawa

Javeli haisafishi kioo vizuri, na haichanganywi na chochote isipokuwa maji. Ikikutana na siki, hutoa hewa ya klorini. Hewa hiyo ndiyo iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani kama silaha karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Javeli ikikutana na amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za vioo, hutoa hewa nyingine inayochoma mapafu. Ukisikia harufu kali, kikohozi au macho kuwasha, acha kila kitu utoke nje. Osha macho kwa maji safi kwa dakika 15, kisha nenda hospitali.

5. Haki ya anayesafisha

Tarehe 16 Juni 2011, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva ulipitisha Mkataba Na. 189 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani. Ibara ya 13 yasema kila mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya mazingira ya kazi yenye usalama na afya.

Hapa tujitazame sisi wenyewe. Wengi wetu wa viwandani na mashambani tunaye yaya au boyi nyumbani. Kwake yeye, sisi ndio matajiri. Hatuwezi kudai glavu kiwandani mchana, kisha jioni tukampa mtoto wa mwenzetu javeli mikono mitupu, na kumkata mshahara kwa ajili ya mchirizi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini kuongeza sabuni huongeza michirizi?
2. Ni dawa gani hazichanganywi, na kwa nini?
3. Nani anasafisha vioo mahali petu pa kazi, na amepewa vifaa gani?
4. Nani anavisafisha nyumbani kwetu, na sisi tumempa nini?