Bunduki Nyepesi ya Kuwindia Milimani na Namna ya Kuichagua

Mwindaji wa milimani huibeba bunduki yake kutwa, pengine siku tano mfululizo, kisha huitumia kwa muda usiozidi dakika moja. Hapo ndipo ulipo mzizi wa shida yote ya kuchagua bunduki ya kazi hiyo. Miguu na mgongo vyataka bunduki iwe nyepesi kama fimbo. Lakini bega na jicho, wakati wa kulenga shabaha, vyataka iwe nzito kidogo ipate kutulia. Hakuna fundi awezaye kuziridhisha pande zote mbili sawasawa. Basi mnunuzi yampasa ajue vema anachopata na anachotoa, kabla ya kufungua mfuko wake.

Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na wanyama wa Mlima Kenya na Aberdare hawawindwi tena kwa leseni. Lakini ziko nchi ambako uwindaji wa milimani ni kazi halali, tena yenye manufaa, na mfano ulio wazi kuliko yote ni Nyuzilandi. Nchi ile hapo kale haikuwa na mnyama wa porini anyonyeshaye, ila popo na wanyama wa pwani kama sili. Mwaka 1904 mbuzi-mwitu wa Himalaya, aitwaye tahr, aliachiliwa karibu na mlima Aoraki, wenye kimo cha mita 3,724. Mwaka 1907 Franz Joseph, mfalme mkuu wa Austria, alipeleka zawadi ya mnyama mwingine wa majabali, chamois, mwenye umbo kati ya mbuzi na paa. Hakuna chui kule wala mbwa-mwitu. Wanyama hao walizaana sana, wakala majani na maua ya milimani ambayo hayapatikani mahali pengine duniani, hata mwaka 1993 serikali ikaweka mpango kwamba tahr wasizidi 10,000 katika nchi nzima. Wawindaji ni sehemu ya kazi hiyo ya kuwapunguza.

Tahr hukaa juu ya magenge, mahali pa mawe yaporomokayo na theluji. Mtu hutoka bondeni alfajiri, akapanda mita 1,000 kabla ya saa sita za mchana, naye amebeba hema, chakula, nguo za baridi na maji. Na Mungu akimjalia, jioni atashuka na nyama pia. Yeyote aliyewahi kupanda Kilimanjaro akiwa na mzigo hahitaji kuelezwa kwamba ratili moja ya bondeni si ratili moja ya juu.

Tena liko jambo kubwa kuliko uchovu. Mnyama aliyepigwa vibaya kwenye genge haanguki pale pale. Hukimbilia ukingo mwembamba ambao binadamu hawezi kuufikia, akafa kwa jeraha lake baada ya siku nyingi. Mwindaji hawezi kummaliza, wala nyama haimfai mtu. Kwa sababu hiyo risasi ya kwanza ndiyo kila kitu, na bunduki iliyo nyepesi mno hata ikaiharibu risasi hiyo haifai, ijapokuwa ilikuwa raha kuibeba.

WALIOTANGULIA

Fikira ya bunduki nyepesi si mpya. Mwaka 1903 ilitoka Austria ile Mannlicher-Schönauer ya milimita 6.5, fupi, yenye uzito wa kilo 3 hivi, na wawindaji wa Alps wakaipenda mara moja. Risasi yake ilikuwa ndefu na nyembamba, ikiingia ndani sana bila kumpiga mpigaji teke kubwa.

Hata huku Afrika ya Mashariki wengine walifuata njia hiyo. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda ndovu huko Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, aliwaua wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, ambayo wenzake waliiona ni ya kuulia paa tu. Lakini Bell alikuwa amelikata fuvu la ndovu kwa msumeno apate kujua ubongo ulipo. Watu wengi hulisimulia jambo la bunduki yake ndogo, wakalisahau lile la msumeno. (Leo sheria za nchi nyingi haziruhusu mtu kumwendea ndovu na bunduki kama ile, na ni vema.)

Huko Marekani risasi ya .270 ya kampuni ya Winchester ilitolewa mwaka 1925, na mwandishi Jack O'Connor akaisifu kwa miaka mingi kwa kuwindia kondoo wa milimani. Katika miaka ya 1980 Melvin Forbes, fundi wa West Virginia, alipunguza uzito kwa njia nyingine. Hakupunguza chuma peke yake, bali alitengeneza kitako cha bunduki kwa nyuzi za Kevlar na grafiti badala ya mti. Bunduki nyingi za milimani za leo ni wajukuu wa fikira hiyo.

UZITO WA KWELI

Viwanda hutangaza uzito wa bunduki tupu. Mnunuzi husoma "kilo 2.3", akafurahi. Lakini hakuna aendaye mlimani na bunduki tupu. Ongeza darubini ya kulengea, gramu 450. Vyuma vya kuishikiza, gramu 100. Mkanda wa begani, gramu 120. Risasi nne, gramu 100. Na kama mtu apenda vile vijiguu viwili vya kuegemeza mtutu, gramu 300 tena. Zile kilo 2.3 sasa zimekaribia kilo 3.4. Kwa hivyo mtu asipime kwa macho wala kwa maneno ya muuzaji. Na aiweke mizanini pamoja na vitu vyake vyote.

Mahali pa kwanza pa kupunguza ni darubini, wala si mtutu. Darubini zenye kioo kikubwa cha mbele cha milimita 56 ni nzuri kwa wale wanaowinda jioni msituni, lakini nyingine hukaribia kilo nzima. Mlimani mwanga ni mwingi. Kioo cha milimita 36 au 40 chatosha, na darubini ya namna hiyo yaweza kuwa chini ya gramu 400. Nusu kilo imeokolewa, na bunduki yenyewe haikuguswa. Kazi ya kutafuta wanyama kwa mbali ni ya darubini ya macho mawili ichukuliwayo shingoni. Si adabu wala si salama kumtazama mtu asiyejulikana upande wa pili wa bonde kwa darubini iliyo juu ya bunduki yenye risasi.

Mahali pa pili ni kitako. Kitako cha mti ni kizuri kutazama, na wazee hawakitaki kingine. Lakini mti hunywa maji ya mvua, ukavimba, ukausukuma mtutu kidogo; na kidogo hicho, kwa mita 250, chatosha kuipeleka risasi mahali pasipokusudiwa. Kitako cha nyuzi za kaboni ni chepesi kuliko cha mti wala hakivimbi. Chuma kisichoshika kutu upesi nacho chafaa kununuliwa mahali pa mvua na theluji, ingawa nacho chataka kufutwa na kupakwa mafuta kila jioni.

Mtutu ndio wa mwisho kupunguzwa. Mtutu mwembamba hupata moto upesi, na risasi ya tatu au ya nne yaweza kuondoka mahali pa ile ya kwanza. Hilo si kosa kubwa mlimani, maana ni nadra mtu kupiga mara nne. Lakini mtu anapofanya mazoezi asiulaumu mtutu uliopata moto, bali aungoje upoe. Mtutu ukifupishwa, risasi nayo hupoteza mwendo kidogo kwa kila inchi iliyokatwa, na mlio huzidi ukali. Kwa kazi hii inchi 20 mpaka 22 ni kipimo cha wastani.

TEKE LA BUNDUKI

Sasa tufike kwenye bei ya wepesi. Bunduki inapopiga, nayo husukumwa nyuma. Risasi ikiwa ile ile, nguvu ya teke huongezeka kwa kadiri uzito unavyopungua: bunduki ya kilo 4 ikipunguzwa ikawa ya kilo 2, teke huwa maradufu. Ikipunguzwa mpaka kilo 2.7, teke huongezeka karibu nusu yake. Hii si hesabu ya duka fulani; ni kanuni ya maumbile, wala hakuna fundi awezaye kuishinda.

Ubaya wa teke si maumivu ya bega. Ubaya wake ni kwamba mwili hujifunza. Baada ya mapigo machache, mtu huanza kufumba jicho na kuvuta kifyatulio kwa ghafula kabla ya mlio, wala yeye mwenyewe hajui kwamba anafanya hivyo. Mtihani wake ni rahisi. Rafiki na achanganye maganda matupu na risasi za kweli bila kukwambia. Ukivuta kifyatulio juu ya ganda tupu na mtutu ukashtuka, basi umekwisha kujua.

Kwa hivyo bunduki nyepesi haipatani na risasi zile kubwa ziitwazo magnum. Wako wauzaji wanaozifunga pamoja na kuzisifu. Mimi nadhani ni kumwuzia mtu hofu. Chamois dume ni mnyama wa kilo 30 au 40 tu; tahr dume ni mkubwa zaidi, lakini si nyati. Risasi za kadiri zatosha: 7x57, iliyojulikana tangu 1892; .270; .308, ya mwaka 1952; 7mm-08; au 6.5 Creedmoor, iliyotolewa mwaka 2007. Miongoni mwa hizo zote tofauti ni ndogo kuliko maneno yanayosemwa juu yake, na duka la mji ulio karibu na mlima lenye risasi hizo rafuni ni sababu njema ya kuchagua moja na kuacha nyingine.

Kipo chombo cha kufungwa mdomoni mwa mtutu kipunguzacho teke kwa kuelekeza moshi wa baruti kando. Hufanya kazi yake, lakini kishindo chake ni kikali mno, na kati ya majabali huumiza masikio ya mpigaji na ya mwenzake pia. Huko Nyuzilandi kizuia sauti ni halali na hutumiwa na wengi. Hupunguza teke na kishindo pamoja, bali huongeza uzito na urefu.

Jambo jingine ni kutulia. Bunduki nyepesi huufuata moyo wa mtu, na moyo wa mtu aliyetoka kupanda mlima hupiga kama ngoma. Ndiyo maana wengi hupenda uzito ubakie mbele kidogo, upande wa mtutu, hata kama bunduki yote ni nyepesi. Tena mwindaji wa milimani asipige akiwa amesimama wima. Na alale, aweke mfuko wake wa mgongoni chini ya kitako cha mbele, avute pumzi mpaka kifua kitulie. Mfuko ameubeba kutoka bondeni, na umtumikie.

KUPIGA JUU NA CHINI

Mlima una hila nyingine. Tuseme mnyama yuko umbali wa mita 300, chini kwenye mteremko wa nyuzi 45. Risasi haivutwi na ardhi kwa kadiri ya mita 300 zote, bali kwa kadiri ya umbali wa mlalo tu, nao ni mita 212. Mtu akilenga kana kwamba ni mita 300 za uwandani, risasi itapita juu. Mambo ni yale yale akipiga kuelekea juu. Mteremko ukiwa wa nyuzi 30, zile mita 300 huhesabiwa kama 260. Siku hizi viko vipimio vya mwanga wa leza vinavyofanya hesabu hiyo vyenyewe, lakini betri hufa kwa baridi, na mtu aliyeandika namba tatu nne kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kitakoni hahangaiki.

Bunduki ikiisha kununuliwa, ijaribiwe kwa haki. Mwenye nayo na aende mahali paliporuhusiwa kupiga shabaha, apande kilima kwa haraka na mfuko mgongoni, kisha alale na kupiga risasi moja kwa mtutu baridi, katika sahani ya upana wa sentimita 15, kwa mita 200. Afanye hivyo siku tatu mbalimbali, akianza kila siku na mtutu uliopoa. Zikiingia zote tatu, bunduki yamfaa. Moja ikikosa, na asogee mita 150, arudie upya. Akikosa huko pia, na aongeze nusu kilo ya bunduki, au ashushe risasi iwe ndogo zaidi, kabla hajalipia safari.

Na anapopanda, chumba cha risasi kiwe kitupu. Bunduki za milimani karibu zote ni za kufungwa kwa komeo la mkono. Kulisukuma komeo baada ya kulala na kutulia huchukua nukta moja tu, na mguu ukiteleza kwenye mawe hapo kabla, hakuna kitakacholia ila chuma kwenye jiwe.