Kwa Nini Rangi Hubanduka? Kuondoa Mafuta Juu ya Chuma Kabla ya Kupaka Rangi

Katika mji wa Makambako, barabara kuu iendayo Zambia hukutana na barabara ya Njombe na Songea; na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina stesheni yake hapo. Penye malori na mabehewa hapakosi mafundi wa kuchomelea na kupaka rangi. Kazi yao ina fumbo ambalo fizikia na kemia ya sekondari zaweza kulifumbua. Mageti mawili hupakwa rangi ya kopo moja, siku moja. Moja hudumu miaka mingi, jingine hubabuka kabla ya mwaka kwisha. Lawama hutupiwa rangi, ilhali mara nyingi kasoro imo chini ya rangi.

Rangi hushika nini?

Rangi hushikamana na chuma kwa nguvu za mvutano baina ya molekuli zake na uso wa chuma. Nguvu hizo hutenda kazi katika umbali mdogo mno. Utando wa mafuta, hata usioonekana kwa macho, hutosha kuzitenga pande hizo mbili. Basi rangi hushika mafuta, wala haishiki chuma. Vyuma vipya hupakwa mafuta kiwandani ili visipate kutu. Gereji huongeza grisi na dizeli. Na vidole vya fundi huacha mafuta na chumvi ya jasho.

Kwa sababu hiyo, mpangilio wa kazi ni jambo la lazima: mafuta huondolewa kwanza, kutu baadaye. Fundi aanzaye kwa msasa huyasambaza mafuta na kuyasukuma ndani ya mikwaruzo, ambamo ni vigumu kuyatoa.

Kuyaondoa mafuta

Mafuta ya mimea na ya wanyama hugeuka sabuni yakichanganyika na kostiki soda. Oili ya injini na dizeli hazigeuki hivyo. Hizo huhitaji sabuni, ambayo molekuli yake hupenda maji upande mmoja na mafuta upande wa pili. Hivyo huyagawa mafuta kuwa matone madogo yachukuliwayo na maji. Maji ya moto, sabuni na brashi hutosha kwa kazi nyingi, mradi chuma kisuuzwe vizuri kwa maji safi. Kostiki soda isitumiwe juu ya mabati yenye zinki wala juu ya alumini, kwani huzila na kutoa gesi ya haidrojeni. Aidha huunguza ngozi na macho.

Mafuta ya taa huyeyusha grisi, lakini nayo huacha utando wake. Hivyo hapana budi kufuatiwa na sabuni. Kitambaa kibadilishwe mara kwa mara, la sivyo huhamisha uchafu tu.

Petroli isitumiwe kabisa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kufikia moto ulio mbali. Wengine hudhani baridi ya Njombe ni kinga. Sivyo: petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika takriban nyuzi 40 za Sentigredi chini ya sifuri. Chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi, chenye jiko la mkaa na kopo la petroli, ni hatari kwa uhai wa watu.

Jaribio la maji

Chuma kilichosafishwa na kusuuzwa kimwagiwe maji safi. Maji yakitanda kama kioo kisichokatika, mafuta yameondoka. Yakijikusanya kuwa matone, mafuta yangalipo. Lakini mabaki ya sabuni huyafanya maji yatande hata penye mafuta. Ndiyo maana kusuuza hutangulia jaribio. Baada ya hapo chuma kikaushwe mara moja, kutu iondolewe kwa brashi ya waya na msasa, vumbi lifutwe, na rangi ya kwanza ipakwe kabla kutu mpya haijaanza.

Umande

Njombe iko katika nyanda za juu, na usiku wa Juni hadi Agosti huwa baridi. Chuma hupoteza joto lake angani usiku, kikawa baridi kuliko hewa. Mvuke ulio hewani hugeuka umande juu yake. Kanuni itumikayo ni kwamba chuma kiwe na joto lizidilo halijoto ya umande kwa nyuzi 3 angalau. Asubuhi, basi, heri kungoja jua.

Kazi ya darasani

Vitafutwe vipande 3 vya chuma chembamba kisicho na zinki, vyote vipakwe oili. Cha kwanza kifutwe kwa kitambaa kikavu tu. Cha pili kifutwe hivyo hivyo, kisha kipigwe msasa. Cha tatu kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe, kikaushwe, ndipo kipigwe msasa. Vyote vipakwe rangi moja. Baada ya siku 7, kila kipande kichorwe miraba midogo 25 kwa wembe, kibandikwe utepe wa gundi, kisha utepe uvutwe kwa ghafula. Wanafunzi wahesabu miraba iliyobanduka.

Maswali

1. Kwa nini vipande vyote vipakwe rangi moja na siku moja?
2. Kati ya kipande cha pili na cha tatu, ni hatua ipi iliyoleta tofauti?
3. Fundi apakaye rangi saa 1 asubuhi mwezi wa Julai hukabiliwa na tatizo gani?