Somo la 14: Insha ya Methali – Maji Yakimwagika Hayazoleki

Shabaha ya somo
Kufikia mwisho wa somo hili, uweze:
(a) kutambua kiini cha methali kabla ya kutunga kisa;
(b) kutunga kisa kinachothibitisha methali yote, si nusu yake.

Kumbuka: Katika Karatasi ya Kwanza (102/1) unajibu maswali mawili kwa muda wa saa 1 na dakika 45. Swali la kwanza ni la lazima. Kila insha ina alama 20.

Swali: Tunga kisa kitakachothibitisha ukweli wa methali: *Maji yakimwagika hayazoleki.*

Hatua ya 1: Chambua methali
Watahiniwa wengi husema methali hii inahusu majuto, kisha hutunga kisa cha mtu aliyepoteza kitu akalia. Kisa hicho kinafaa zaidi methali "Majuto ni mjukuu". Hapa, neno la kukazia macho ni *hayazoleki*. Kuzoa ni kukusanya kilichotapakaa. Kwa hiyo kisa chako kiwe na mambo matatu:
1. Maji – kitu cha thamani alicho nacho mhusika.
2. Kumwagika – jinsi kitu hicho kinavyopotea.
3. Kuzoa – jinsi mhusika anavyojaribu kukirudisha, akashindwa.

Jambo la tatu ndilo husahaulika. Bila hilo, hujathibitisha methali.

Hatua ya 2: Soma kisa cha mfano
(Kisa hiki kimefupishwa. Katika mtihani, andika maneno yasiyopungua 400.)

Tuliondoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri, siku mbili kabla ya Krismasi. Mjomba ndiye aliyeshika usukani. Mama, mimi na wadogo zangu wawili tulibanana na mizigo. Tanki lilikuwa limejaa mafuta. Mfukoni Mjomba alikuwa na shilingi elfu ishirini za matumizi ya njiani na za kumnunulia Nyanya mchele, unga na sukari tukifika Voi.

Mlolongo palikuwa kama jina lake: magari yalifuatana kama siafu. Tulipofika Salama saa mbili asubuhi, tulisimama kabisa. Lori lilikuwa limepinduka mbele na kuziba njia. Jua lilipanda. Wadogo zangu walianza kulia kwa joto. Mjomba akatoa simu.

"Wacha nipitishe wakati," alisema.

Aliweka shilingi elfu mbili kwenye mchezo wa kamari. Zikaenda. "Nitazirudisha," akasema, akaweka elfu nne. Nazo zikaenda. Mama akamgeukia.

"Kaka, hizo ni za safari."

Mjomba hakuinua macho. Aliweka elfu nane ili ashinde mara moja na kufuta hasara yote. Kisha aliizima simu na kuirudisha mfukoni taratibu, kama mtu anayeficha kidonda. Zilibaki elfu sita.

Njia ilifunguliwa saa saba mchana. "Saa tano zimepotea, lakini tutazifidia," Mjomba alisema na kukanyaga mafuta. Baada ya Emali alichomoka nyuma ya msafara wa malori ili ayapite yote kwa mkupuo. Basi likatokea mbele yetu likimulika taa. Mama alitamka jina la Mungu. Mjomba alikata usukani kushoto, gari likapenya kati ya malori mawili, likatoka nje ya lami na kugonga mawe. Gurudumu likapasuka. Hakuna aliyeumia. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno.

Elfu sita zilizobaki ziliishia kwa fundi na gurudumu kuukuu. Tulifika Mariakani saa saba usiku, mikono mitupu. Nyanya hakuwa amelala.

"Poleni, wanangu. Karibuni," alisema, akatumiminia strungi. Mjomba alionja, kisha akakitazama kikombe.

"Sukari iliniishia tangu juzi," Nyanya alisema. "Nilijua mtakuja nayo."

Hatua ya 3: Tathmini kisa
*Maji* ni mawili: fedha na muda. Yote mawili yanamwagika, na Mjomba anajaribu kuyazoa yote mawili kwa njia moja: kuongeza hatari.

Hesabu inathibitisha kwamba hayazoleki. Dau lake liliongezeka maradufu: 2,000, kisha 4,000, kisha 8,000. Hasara ikawa 14,000. Ili aendelee vivyo hivyo alihitaji 16,000, naye alikuwa na 6,000. Tena mchezo wa bahati haukumbuki raundi zilizopita. Kushindwa mara tatu hakumkaribishi mtu kwenye ushindi.

Barabarani ni vilevile. Kutoka Emali hadi Mariakani ni kama kilomita 320. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, safari huchukua saa 4. Kwa kilomita 100 kwa saa, huchukua saa 3 na dakika 12. Aliyehatarisha watu watano angeokoa dakika 48 tu, ilhali alikuwa amepoteza saa tano.

Tazama pia kwamba kisa hakikumalizika kwa mahubiri. Kikombe cha strungi kinatosha kumwonyesha msomaji kilichopotea.

Makosa ya kuepuka
- Kujaza ukurasa mzima kwa maana na matumizi ya methali. Swali linataka kisa.
- Kuua wahusika ili kumtisha msomaji. Hasara ndogo inayoaminika hushinda ajali isiyo na sababu.
- Kutumia sheng katika usimulizi. Andika *kucheza kamari*, *msongamano wa magari*, *kupita gari jingine*.
- Kubadilisha methali katikati. Ukianza na maji, usimalizie na "Haraka haraka haina baraka".

Zoezi
1. Taja mahali katika kisa ambapo Mjomba angeweza kuacha kuzoa. Eleza hasara ingekuwa kiasi gani katika kila mahali. (alama 4)
2. Andika upya aya ya basi na malori kwa mtazamo wa Mama. (alama 6)
3. Tunga kisa chako kuhusu methali hii bila kutumia fedha wala safari. Kabla ya kuanza, andika mstari mmoja mmoja kwa maji, kumwagika na kuzoa. (alama 20)