Faili Likisomeka, Usishangilie Bado

Nasomea ualimu wa kemia, na mradi wangu ulikuwa kuandaa somo la kuungua kwa methani kwa Cantera, programu ya bure ya kukokotoa mwendo wa mmenyuko. Wiki nzima kompyuta ikaniambia kwamba kwenye kelvini 298 uwezo joto wa methani ni karibu 30 J/mol K. Kitabuni ni kama 35.7. Programu haikulalamika hata neno moja.

Data hizi huandikwa kwa mtindo wa NASA: kila gesi ina namba 14, saba za joto la chini na saba za joto la juu. Kwa methani ya GRI-Mech 3.0, mpaka ni kelvini 1000. Faili la zamani la CHEMKIN huzipanga kwenye mistari minne yenye nafasi 80 kila mmoja, urithi wa enzi ya kadi za matundu. Humo nafasi ndiyo kila kitu. Kila namba ina nafasi zake 15, na mstari wa kwanza lazima uwe na tarakimu 1 kwenye nafasi ya 80. Fungua kwenye Word, gusagusa spesi, umeshaharibu. Ila hilo ni kosa la kistaarabu, maana mara nyingi programu inagoma na unajua.

Langu lilikuwa kimya. CHEMKIN inatanguliza namba za joto la juu, wakati YAML ya Cantera inatanguliza za joto la chini. Mimi, mjuaji, nikanakili kwa mkono kwa mpangilio uleule. Cantera hukagua kama mikunjo miwili inakutana mpakani, lakini jamani, ukiigeuza bado inakutana palepale kwenye 1000! Ukaguzi unapita, jibu ni bovu.

Dawa ipo ndani ya Cantera yenyewe: ck2yaml, inayobadilisha faili la CHEMKIN kuwa YAML bila mkono wako. Hata hivyo, siku hizi kila gesi ninayoingiza naikokotolea uwezo joto kwenye 298, halafu nalinganisha na jedwali la kitabu. Ni dakika mbili tu.

Grafu ilikuwa imeshabandikwa kwenye andalio la somo. Kidato cha sita wangeinakili ile 30 madaftarini, kwa sababu mwalimu kasema. Nimeibandua.